Punje Moja na Vyumba Sitini na Vinne

Kasikeu ni kata mojawapo ya Kaunti ya Makueni, katika nchi ya Ukambani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita pande hizo kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899, na mji wa Sultan Hamud, ulio katika kata hiyo, ulichukua jina la Sultani Hamud bin Muhammed, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1896 hata 1902. Ni nchi ya mvua chache. Mkulima wake hupanda mahindi, kunde, mbaazi na ndengu, kisha hutazama mawingu. Mavuno yakija, huyapima kwa uangalifu kwa kibaba, kwa debe na kwa gunia, kwa kuwa ajua ya kwamba kati ya msimu na msimu chakula ni uhai. Basi habari ya namba kubwa yafaa kuanzia katika nchi kama hiyo, ambayo watu wake hawaidharau punje moja.

Namba tutakayoieleza ni hii: 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu 20. Hata kuitamka ni kazi. Lugha yetu ilipata neno mia na neno elfu kwa Waarabu, na neno laki, yaani elfu mia, ilipata kwa watu wa Bara Hindi. Na kwa maneno hayo wafanya biashara wa pwani waliweza kuhesabu kila kilichoingia na kutoka katika majahazi yao. Neno milioni lilikuja baadaye kutoka Ulaya, na jamaa zake bilioni na trilioni wakafuata. Lakini namba yetu yazipita zote hizo. Yasomwa hivi: kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551, mia sita kumi na tano.

Mtu aweza kuitazama namba kama hii jinsi mtu wa Makueni atazamavyo Mlima Kilimanjaro siku isiyokuwa na mawingu: akausifu ukubwa wake, kisha akaenda zake. Lakini mwanafunzi wa kweli hatosheki na kushangaa. Yeye huuliza maswali matatu. Namba hii ilizaliwaje? Imeundwa na nini? Nayo yatufundisha nini sisi tunaoishi kwa namba ndogo, za shilingi na magunia? Tuyafuate maswali hayo moja moja.

Tuanze na kitu kinachojulikana sana katika pwani yetu, nacho ni bao. Bao la Kiswahili lina safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Yaani mashimo yote ni 32. Huchezwa kwa kete 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe, na kila mchezaji huwa na kete 32. Zanzibar, Lamu na Mombasa wazee wamekaa vibarazani jioni nyingi wakilicheza, na mchezaji hodari huweza kuona mbele mizunguko mingi ya kete kabla hajainua mkono wake. Hata asiyejua kusoma, akilijua bao, tayari ni mwanahesabu.

Sasa tuziweke kete kando, tutwae mahindi. Katika shimo la kwanza tutie punje 1. Katika la pili 2. Katika la tatu 4. Katika la nne 8. Na hivyo hivyo, kila shimo lipate mara mbili ya lile lililotangulia. Safu ya kwanza ikijaa, tutakuwa tumetumia punje 255, nazo zaweza kushikwa kwa konzi. Hapo mtoto atacheka na kusema, "Kumbe mchezo wenyewe ni rahisi!" Safu ya pili ikijaa, jumla ni punje 65,535. Tukikadiria ya kwamba gunia la kilo 90 lina punje kama 300,000, basi hizo ni kama kilo 20, yaani debe moja na zaidi kidogo. Safu ya tatu ikijaa, jumla ni punje 16,777,215, karibu magunia 56. Na sasa mtoto hacheki tena, kwa maana ghala ya baba yake yaweza kuwa imekwisha. Safu ya nne ikijaa, jumla ni punje 4,294,967,295, nazo ni magunia yapata 14,300. Yataka malori 48, kila moja likibeba magunia 300, kuyachukua mahindi ya bao moja.

Methali yetu yasema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, nasi twaitumia kumfundisha mtoto kuweka akiba. Lakini haba inayoongezwa kwa kiasi kile kile kila siku ni jambo moja, na haba inayorudufiwa kila mara ni jambo jingine kabisa. Ile ya kwanza hujaza kibaba. Hii ya pili huanza kwa kibaba, ikamaliza ghala.

Bao, lakini, lina mashimo 32 tu. Mchezo wa sataranji, ambao asili yake ni Bara Hindi, una ubao wa vyumba 64, yaani 8 kwa 8. Vyumba hivyo idadi yake ni sawa na kete za bao. Kuna hadithi ya kale juu ya ubao huo, nayo imeandikwa na Ibn Khallikan, mwandishi aliyeishi tangu mwaka 1211 hata 1282. Yasimuliwa ya kwamba mtu mwenye hekima jina lake Sissa alimbunia mfalme wa Bara Hindi mchezo wa sataranji. Mfalme akafurahi, akamwambia achague tuzo. Sissa akaomba punje moja ya ngano kwa chumba cha kwanza, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, na kuendelea hivyo hata chumba cha mwisho. Mfalme akaona ombi hilo ni dogo, hata akaudhika. Lakini watunza hazina walipofanya hesabu, wakarudi kumwambia ya kwamba ngano hiyo haimo katika ghala zake, wala haimo katika dunia nzima.

Hiyo ni hadithi, wala hatulazimiki kuamini kwamba mfalme huyo alikuwako. Hesabu yake, hata hivyo, ni ya kweli, na ilifanywa kabla ya Ibn Khallikan kuzaliwa. Yapata mwaka 1000 mwanachuoni al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarezm huko Asia ya Kati, aliikokotoa katika kitabu chake kuhusu kalenda na tarehe za mataifa ya kale. Wala hakuipata kwa kurudufisha mara 63 na kujumlisha vyumba vyote, kazi ambayo ingemchosha mtu na kumkosesha njiani. Alitumia akili.

Aliona mambo mawili. La kwanza, jumla ya vyumba vyote mpaka mahali popote utakaposimama ni pungufu kwa 1 tu kuliko chumba kinachofuata. Tazama: 1 na 2 na 4 jumla yake ni 7, na chumba kinachofuata kina 8. Ongeza hiyo 8, upate 15, na kinachofuata kina 16. Kwa hiyo, kupata jumla ya vyumba 64, yatosha kukijua chumba cha 65, ambacho hakiko ubaoni, kisha kutoa 1. Jambo la pili ni kwamba chumba hicho chaweza kufikiwa kwa hatua ndefu, kwa kuizidisha namba kwa yenyewe. Chumba cha pili kina 2. Zidisha 2 kwa 2, upate 4, iliyo katika chumba cha 3. Zidisha 4 kwa 4, upate 16, chumba cha 5. Kisha 256, chumba cha 9. Kisha 65,536, chumba cha 17. Kisha 4,294,967,296, chumba cha 33. Na mwisho 18,446,744,073,709,551,616, chumba cha 65. Kazi yote ni mazidisho 6. Ondoa 1, na namba yetu imezaliwa.

Ukubwa wake ni kiasi gani? Tukirudi kwenye mahindi yetu, punje hizo zingejaza magunia yapata trilioni 61. Tuchukulie kwamba nchi yetu huvuna magunia milioni 40 kila mwaka, bila kuliwa hata moja: yangetakiwa mavuno ya zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Na tukumbuke ya kwamba ubao wa sataranji umezidi bao kwa vyumba 32 tu. Vyumba vimeongezeka mara mbili, lakini mahindi yameongezeka mara 4,294,967,297 kamili. Namba hiyo ya mwisho yafaa kuwekwa moyoni, kwa sababu tutakutana nayo tena karibuni, nayo ina historia yake.

Sasa twafika kwenye swali la pili: namba hii imeundwa na nini? Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ni namba tasa, au imejengwa kwa kuzidisha namba tasa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa ukamilifu ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Hizo ndizo mababu wa namba zote, na kuigawanya namba hata kuwapata mababu zake ni kama kumtaja mtu ukoo wake hata tukajua ametoka wapi.

Tuiulize basi namba yetu ukoo wake. Tarakimu yake ya mwisho ni 5. Kwa hiyo yagawanyika kwa 5. Tukizijumlisha tarakimu zake zote 20 twapata 87, na kwa kuwa 87 yagawanyika kwa 3, namba nzima nayo yagawanyika kwa 3. Mababu wawili tumewapata bila hata kugawanya. Na wengine tutawapata kwa ngazi hii nzuri, ambayo kila mwanafunzi aweza kuipanda kwa kalamu yake. Anza na 3. Iongeze 2, upate 5. Zidisha 3 kwa 5, upate 15. Iongeze 2, upate 17. Zidisha 15 kwa 17, upate 255. Iongeze 2, upate 257; zidisha, upate 65,535. Iongeze 2, upate 65,537. Zidisha, upate 4,294,967,295. Iongeze 2, upate 4,294,967,297. Zidisha mara ya mwisho, nawe utaiona namba yetu imesimama mbele yako, tarakimu zote 20.

Msomaji mwenye kumbukumbu atakuwa ameona jambo. Namba 255 ni safu ya kwanza ya bao letu. 65,535 ni safu mbili. Na 4,294,967,295 ni bao zima. Tulidhani twacheza na mahindi, kumbe tulikuwa twapanda ngazi.

Katika ngazi hiyo, namba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa. Hapa ndipo aingiapo Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mwanasheria wa mahakama ya mji wa Toulouse, na ambaye hesabu zilikuwa burudani yake. Alikuwa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa zamani zake. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake juu ya namba za ngazi hii, akasema yeye anaamini ya kwamba zote ni tasa, hata ngazi ipande kiasi gani. Hakuwa na uthibitisho, lakini alikuwa na mifano mitano iliyokubali, na jina lake lilikuwa kubwa. Mfano wa sita ulikuwa 4,294,967,297.

Ilipita karibu miaka mia moja. Ndipo Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel katika Uswisi mwaka 1707 na aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg katika Urusi, alipoichukua namba hiyo ya sita na kuipima. Mwaka 1732 alitangaza ya kwamba si tasa. Yagawanyika kwa 641, na jibu lake ni 6,700,417. Fermat, mtu mkubwa yule, alikuwa amekosea.

Yafaa kujua jinsi kigawanyo hicho kiwezavyo kutafutwa. Mtu angeweza kujaribu kila namba tasa tangu 3 kwenda juu, na kabla ya kufika 641 angefanya majaribio zaidi ya mia. Lakini Euler aligundua kanuni: kigawanyo chochote cha namba hiyo kilicho tasa lazima kiwe ni 1 zaidi ya namba inayogawanyika kwa 64. Basi twajaribu 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tukiondoa zile zisizokuwa tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza zakataa. Ya tano yakubali. Majaribio matano tu, na dai lililosimama kwa miaka 92 laanguka.

Tulitafakari jambo hili, kwa maana ndilo moyo wa habari yetu. Dai la Fermat halikuhitaji darubini wala chombo cha thamani ili kulipima. Lilihitaji karatasi, kalamu, na mtu asiyetosheka na kuambiwa. Hesabu ambayo ingemsahihisha Fermat ni ugawanyaji mrefu, ule ule unaofundishwa katika shule ya msingi. Mwanafunzi wa Kasikeu aweza kuifanya chini ya mti wakati wa mapumziko: 641 mara 6,700,417. Akizidisha kwa 600 atapata 4,020,250,200. Akizidisha kwa 41 atapata 274,717,097. Akijumlisha atapata 4,294,967,297. Katika hesabu hapana mkubwa wala mdogo. Jibu halitazami cheo cha mtu. Wala Fermat hatumdharau kwa kosa hilo, kwa maana alisema wazi ya kwamba hana uthibitisho. Kosa lingekuwa letu sisi, kama tungeendelea kuamini kwa sababu ya jina lake.

Kwa hiyo ukoo wa namba yetu ni huu: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Mababu saba, kila mmoja mara moja tu. Na kwa kuwa kila babu aweza kuchukuliwa au kuachwa, vigawanyo vyote vya namba yetu ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara saba, yaani 128. Tena, ingawa ngazi ya Fermat imepandwa mbali sana tangu wakati wa Euler, mpaka leo haijapatikana juu yake namba nyingine iliyo tasa baada ya 65,537. Mtu yule alidhani zote ni tasa. Huenda ikawa ni zile tano za kwanza peke yake. Jambo hilo halijathibitishwa, nalo lamngoja mwenye subira.

Sasa swali la tatu: yatufundisha nini? Turudi kwenye jambo la kwanza alilolitumia al-Biruni, kwamba jumla ya vyumba vilivyotangulia ni pungufu kwa 1 kuliko chumba kinachofuata. Maana yake ni hii: chumba cha mwisho, popote utakaposimama, peke yake kimezidi vyote vilivyokitangulia. Katika karatasi jambo hilo ni uzuri mtupu. Katika maisha limewaliza watu wengi.

Katika miaka ya 2006 na 2007, mipango iitwayo ya piramidi ilienea katika nchi ya Kenya. Mtu aliahidiwa ya kwamba akitoa fedha zake, atarudishiwa kwa faida kubwa katika muda mfupi, maadamu wengine wataendelea kuingia nyuma yake. Wako waliolipwa kweli, nao wakawa matangazo yanayotembea. Jirani akamwona jirani yake amenunua bati jipya, naye akaenda kutoa akiba yake, au fedha za karo, au bei ya ng'ombe. Kisha mipango hiyo ikaanguka. Kamati iliyoundwa na serikali, ikiongozwa na Francis Nyenze, aliyekuwa mbunge wa Kitui Magharibi, ilichunguza jambo hilo, na mwaka 2009 ikaonekana ya kwamba fedha zilizopotea zilizidi shilingi bilioni 8.

Tuipime mipango hiyo kwa ubao wetu. Tuseme mtu mmoja aingiza wawili, na kila mmoja wa hao aingiza wawili, na kuendelea. Safu ya kwanza ina mtu 1, ya pili 2, ya tatu 4: ni mahindi yale yale. Kufikia safu ya 25, watu wote ni 33,554,431. Safu ya 26 ikijaa, ni 67,108,863. Nayo hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kenya nzima, pamoja na watoto wachanga, ina watu 47,564,296. Kwa hiyo safu ya 26 haiwezi kujaa katika nchi hii. Tukisema tuite dunia nzima, safu ya 33 yataka jumla ya watu 8,589,934,591, nao ni wengi kuliko wanadamu wote walio hai. Ubao una vyumba 64. Dunia yaishiwa na watu ubao ukiwa nusu tu.

Lakini ubaya wake haungoji hata safu ya 26. Mpango wa namna hiyo ukikatika mahali popote, katika safu ya 5 au ya 15, wale wa safu ya mwisho hawana mtu chini yao wa kuwalipa. Na safu ya mwisho, kama tulivyoona, imezidi safu zote za juu zikijumlishwa. Yaani zaidi ya nusu ya waliotoa fedha hupoteza, wala si kwa bahati mbaya, bali kwa sheria ya hesabu isiyobadilika. Hata kama mwenye mpango angekuwa mtu mwaminifu, asingeweza kuizuia. Mwanafunzi aliyekwisha kujaza safu mbili za bao kwa punje za mahindi ana silaha ya kutosha. Amuulize mwenye ahadi swali moja tu: "Kurudufisha huku kutakoma wapi, na nani watakuwa katika safu ya mwisho?"

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Chama cha akina mama wanaochangiana kila mwezi, wakimpa mmoja leo na mwingine kesho, si piramidi. Hicho ni duara. Watu wake ni wale wale, na kila shilingi inayoingia yajulikana imetoka kwa nani na itakwenda kwa nani. Hakirudufishi kitu, chagawa zamu tu. Wala kurudufisha kwenyewe si kubaya. Mbegu ikipandwa huzaa nyingi, na mkulima huishi kwa hiyo. Bali yeye ajua ya kwamba shamba lina mpaka, na mvua ina mpaka. Udanganyifu huanza pale mpaka unapofichwa.

Limebaki jambo moja, ili tusidhani kwamba namba yetu ni ya hadithi za wafalme na hasara za watu tu. Ukitoka Sultan Hamud kwa barabara kuu ya Nairobi utafika Malili na Konza, ambako mwaka 2013 ulizinduliwa ujenzi wa mji wa teknolojia, na ambako leo kipo kituo cha taifa cha kuhifadhi taarifa kwa kompyuta. Kompyuta nyingi za siku hizi huandika namba kwa nafasi 64, na kila nafasi ina 1 au 0, kama taa inayowaka au iliyozimwa. Kila nafasi ni chumba kimoja cha ubao wetu: 1 maana yake chumba kimejaa punje zake, 0 maana yake ni kitupu. Ukitaka 100, utajaza chumba chenye 64, chenye 32 na chenye 4, na vingine uviache. Kila namba ina njia moja ya kuandikwa hivyo, wala haina njia mbili. Vyumba vyote 64 vikijaa, namba iliyoandikwa ni ile ile ya Sissa na al-Biruni: 18,446,744,073,709,551,615. Hiyo ndiyo namba nzima iliyo kubwa kuliko zote zinazoenea katika nafasi hizo. Ukiiongeza 1, taa zote huzimika, na mashine yarudi kwenye sifuri.

Basi tumeyajibu maswali yetu matatu. Namba hii ilizaliwa kwa kurudufisha punje moja. Imeundwa na mababu saba, na wawili kati yao walifichika mpaka Euler alipowatafuta. Nayo yatufundisha ya kwamba chenye kurudufika hakina ghala la kukitosha, na ya kwamba neno la mkubwa, awe mwanachuoni au mwenye ahadi ya utajiri, lapaswa kupimwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe unalo, na kalamu unayo. Kabla hujaliamini hata somo hili, chukua ukurasa mmoja mtupu, anza na 3, uiongeze 2, uzidishe, na uipande ngazi hiyo mpaka juu kwa mkono wako mwenyewe.